Yatima wa Pande Zote Mbili

Aliyembeba mtoto mgongoni alikuwa msichana wa miaka saba hivi. Mwanamke mzima alitangulia mbele, mikono mitupu, akitembea upesi kama mtu anayefukuzwa na mvua.

Flora aliwaona tangu walipokuwa wanapanda kilima cha Bweri, na moyo ukaanza kumchemka kabla hawajafika getini. Alikuwa mlezi mkuu wa kituo kile cha watoto, na kazi ilishamfundisha kuwasoma watu kwa namna wanavyoingia. Huyu, alijisemea, amekuja kutua mzigo.

"Karibuni. Umetoka wapi, dada?"

"Buhare. Naitwa Wankyo. Hawa ni watoto wa jirani yangu. Amefariki."

Kiti alikikataa. Alibaki amesimama mlangoni mwa ofisi, ameegemea fremu. Msichana ndiye aliyefungua kanga, akamshusha mdogo wake na kumpakata. Mtoto alikuwa amekonda hadi shingo ikawa kama inashindwa kubeba kichwa.

"Na baba yao?"

"Alifukiwa na shimo la dhahabu, kule Butiama. Huyu mdogo alikuwa bado tumboni."

"Ndugu?"

"Wako Bunda. Walishasema hawawezi."

Flora alishusha pumzi. "Dada, hapa tunachukua yatima wa pande zote mbili tu. Mwenye mzazi hata mmoja tunamrudisha."

"Najua. Niliambiwa."

Sharti hilo hakuliweka Flora. Liliwekwa na wafadhili, watu wa mbali, kwa kuwa vitanda ni vichache na watoto wenye njaa hapa Musoma hawahesabiki. Yeye kazi yake ilikuwa kulitamka, kisha kuwafungulia geti akina mama waondoke na watoto wao, akiwatazama mpaka wapotee kwenye kona.

"Unaitwa nani, mwanangu?" alimuuliza msichana.

"Boke."

"Uko darasa la ngapi?"

Boke alitazama sakafu. Wankyo akamjibia. "Hajawahi kwenda. Asubuhi anaanikaga dagaa ufukweni, mchana anakaa na mtoto."

Flora alikishika kiganja cha msichana. Kilikuwa kigumu kama cha mtu mzima, magamba ya dagaa yamekaukia kwenye mistari yake.

"Kwa hiyo ulikuwa unamtumikisha."

"Tulikuwa tunaanika wote."

Mpishi aliingia na uji. Boke alikunywa kikombe chake kwa mkupuo mmoja, akabaki anakichungulia ndani. Mdogo alipopewa kijiko aliutema uji, akajinyonganyonga mikononi mwa Flora, akalia kilio chembamba kisicho na nguvu.

"Hajazoea kijiko," alisema Wankyo, macho yake yakiwa nje, ziwani. "Atazoea."

"Njoo umshike wewe, pengine atatulia."

"Hapana."

"Mbona hata hutaki kumgusa?"

"Nimeshachoka kumshika."

Flora alimhamishia mtoto begani. Tangu wafike, mwanamke huyu hakuwa amemtazama mtoto hata mara moja.

"Una roho ngumu, dada."

"Ndiyo," alisema Wankyo.

Flora alimgeukia Boke, akalainisha sauti. "Mama yako alifariki lini?"

"Alikufa."

"Ni lini, mwanangu?"

"Alikufa," alirudia Boke, macho ukutani, midomo ikimtetemeka. Flora akaona haya kwa kumchokonoa mtoto kidonda, akamvuta ubavuni kwake. Basi, alisema, wabaki. Yeye mwenyewe angemjulisha afisa ustawi wa jamii.

Wankyo hakushukuru. "Huyu Boke atasoma?"

"Atasoma. Jumatatu anaanza."

"Kabisa? Na sare?"

"Na sare."

"Na huyu akiumwa? Anabanwaga kifua."

"Tutampeleka hospitali."

"Na kula?"

"Dada, watakula. Umeona uji."

Kila jibu alilitikisia kichwa taratibu, kama mtu anayeonja chakula asijue kama kimeiva. Kisha akageuka na kutoka. Hakumuaga mtu, wala hakuwashika watoto vichwa, jambo ambalo hata mpita njia angelifanya. Boke hakumfuata. Alishikilia mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili na kubana taya.

Mtoto ndiye aliyemshangaza Flora. Kwanza alinyamaza, shingo imegeukia mlangoni. Halafu akapiga ukelele ambao hakuna aliyedhani mwili ule unaweza kuutoa. Flora alimbembeleza, akampigapiga mgongoni, akamwimbia, akampa kidole chake anyonye. Mtoto alikikamata kwa pupa, akakiachia, akalia zaidi. Mpishi naye alimpokea, akashindwa.

Flora alitoka kwenda kufunga geti, angalau apate hewa. Akamkuta Wankyo hajaondoka. Alikuwa amesimama nje ya geti amekipa kituo mgongo, mkono mmoja umeng'ang'ania nondo ya geti, vidole vimekakamaa. Kilio kiliwafikia pale kana kwamba mtoto yuko katikati yao.

Hasira ya Flora ilipanda. Mtu gani huyu, anayesikiliza mtoto akilia namna ile asigeuze hata shingo?

"Unasubiri nini tena?" alisema. "Nenda tu. Si mtoto wako."

Wankyo aligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu. Lakini kifuani, kwenye gauni lake la kijani lililopauka, madoa mawili yalikuwa yamelowa, moja kila upande, na yalizidi kutanuka kadiri mtoto alivyozidi kulia.