Mgomo wa Mpaka Saa Sita

Saa sita mchana ilikaribia, na wauguzi walikuwa bado wakiimba na kucheza nje ya lango la hospitali. Sheria iliwaruhusu kugoma mpaka saa sita kamili, inapolia kengele ya chakula cha wagonjwa. Atakayepitiliza angefukuzwa kazi. Sista Zamda, kiongozi wao, alitega sikio. Kengele bado kimya.

"Endeleeni, kina mama, mnapendeza!" alisema mkurugenzi akitabasamu, mikono nyuma.

Ghafla wagonjwa wakaanza kugonga sahani madirishani. "Sista! Saa sita hiyo! Ubwabwa wetu uko wapi?"

"Ndani, jamani, mbio!" akapaza sauti Zamda.

Wakaingia wote wakicheka. Mkurugenzi akabaki peke yake nje ya lango, nyundo ya kengele mkononi.