Sauti ya Kobe Mashavu

Nilipostaafu, sauti yangu ilibaki studio, kama sheria inavyotaka. Ni mali ya Kobe Mashavu, katuni niliyoitia sauti miaka thelathini na mmoja. Mimi nikapewa nyingine ya stoo, nyembamba, haina hata chumvi.

Mume wangu, Salehe, haoni. Wiki ya kwanza, kila nikipiga hodi aliuliza, "Nani mwenzangu?" Nikampa mkono apapase pete, tukacheka.

Leo nimerudi na dagaa, nikapiga hodi. Kwenye runinga Kobe Mashavu alikuwa akisimulia alivyovuka mto, na Salehe, ameinama karibu, anamwitikia: "Ehee, ikawaje?"

Nikamtia mkono kiganjani. Akaipapasa pete, kisha akanirudishia mkono wangu taratibu.

"Dagaa weka jikoni, dada," alisema. "Mke wangu bado anaongea."