Niwekee Kidole

Sumaku ilikuwa safi, inang'aa kama kijiko cha wageni, na hilo ndilo lililompandisha mori mkuu wa mafundi.

"Kasuku!" Sauti yake iligonga paa la karakana ikarudi. "Njoo hapa, sasa hivi!"

Fundi akateremka ngazi iliyoegemea bawa la ndege, spana mkononi. Jina la Kasuku alipewa kwa sababu ya mdomo: alianza kusema asubuhi, na hadi saa nne watu walikuwa wameshaacha kumsikiliza. Leo alikuja kimya.

Mkuu wa mafundi alimsogezea chujio la oili alilolitoa mwenyewe kwenye giaboksi dakika tano zilizopita. Katika mikunjo yake vipande vya chuma vilimetameta, vyembamba kama magamba ya dagaa.

"Hivi ni nini?"

"Meno ya gia, dada."

"Na sumaku inayokaa ndani ya oili hiyohiyo, kazi yake ni moja tu, kunasa vipande kama hivi, imetoka bila hata kimoja! Nani kaipangusa?"

Ndege ilikuwa iondoke saa nane na watu kumi na tisa. Tabaini, gurudumu la ndani ya injini yake, huzunguka zaidi ya mara elfu thelathini kwa dakika moja. Ukilizungusha pangaboi linaloivuta ndege kwa kasi hiyo, litapasuka. Ndiyo maana katikati yao kuna giaboksi. Gia ndogo yenye haraka huisukuma kubwa, nayo huisukuma nyingine, mwendo unapungua na nguvu inaongezeka, mpaka pangaboi linazunguka chini ya mara elfu mbili tu. Mzigo wote huo hubebwa na meno. Yakianza kumeguka na hakuna aliyejua, watu watajulia angani.

"Nisikilize, dada," Kasuku alisema. "Asubuhi nilipoifungua ilikuwa na manyoya ya chuma. Sikuigusa. Nikampelekea Mwalimu vilevile. Akaisugua kwa kidole gumba, akasema vumbi tu hilo, andika safi. Nikaandika."

"Sasa unamsingizia Mwalimu!"

Mwalimu, mkaguzi wa karakana, ndiye aliyempokea mkuu huyu wa mafundi alipokuwa mwanamke wa kwanza kuvaa ovaroli pale. Ndiye aliyemwambia, siku ile ya kwanza, usiamini karatasi, tazama chuma. Miaka thelathini na tano mzee yule hajawahi kuruhusu ndege mbovu. Na huyu mropokaji anataka kumchafua!

Alimswaga Kasuku mpaka ofisini.

"Hatua hizo ni za mtu aliyeudhiwa," alisema Mwalimu kutoka kitini, kabla hawajafungua mdomo. "Kuna nini, binti yangu?"

Hata shikamoo ilimponyoka. Aliliweka chujio mezani kwa kishindo. Mwalimu akalivuta, akapitisha vidole vyake vyenye sugu ngumu kama soli.

"Naam, naona. Ndege hii isiondoke."

"Nimeshaizuia. Niambie kuhusu sumaku. Asubuhi uliletewa ikiwa na chuma?"

Mzee alilisukuma chujio kando. "Niliyoletewa mimi haikuwa na kitu."

"Mwalimu!" Kasuku alipiga kelele. "Si ulisimama nayo pale dirishani? Si nilikuwa hapa hapa?"

Mkuu wa mafundi alifungua daftari. Neno "Safi" lilikuwa kwa mwandiko wa Kasuku. Kando yake, sawasawa juu ya mstari, ilikuwepo sahihi ya Mwalimu na mkia wake mrefu. Karakana nzima iliijua sahihi hiyo na maringo yake. Miaka hii ya karibuni mzee hasaini mpaka aseme, "Niwekee kidole," na fundi amwekee kidole pale pa kusaini, kama afanyiwavyo waziri. Walimcheka kwa mapenzi, na walimwekea.

Mkuu wa mafundi akavuta karatasi, akaandika huku kalamu ikiitoboa: Kasuku amepangusa sumaku ili kukwepa kazi ya kushusha giaboksi, akamdanganya mkaguzi, leseni yake ifutwe.

"Dada, leseni ikienda sina kazi nyingine ninayoijua. Nina watoto wanne."

"Na wale kumi na tisa hawana watoto?"

"Punguza, binti yangu," Mwalimu alisema. "Hata tabaini ina giaboksi. Mpe onyo, yaishe."

"Sipunguzi! Wewe ndiye uliyenifundisha nisipunguze. Saini hapo, shahidi ni wewe."

"Nisomee kwanza ulichoandika."

"Ni mistari mitatu, Mwalimu, herufi kubwa kama za darasa la kwanza!" Aliitupa karatasi mezani, akamtia mzee kalamu mkononi, akakunja mikono kifuani. Kasuku naye, machozi yakimlenga, aliitia mikono yake mifukoni.

Mwalimu alishika kalamu, akangoja.

"Sijawekewa kidole," alisema, akijaribu kucheka.

"Leo sina utani. Saini, Mwalimu."

Mzee akainama. Akaandika sahihi yake yote, taratibu, kwa maringo yake yaleyale na mkia wake mrefu, juu ya mbao za meza, shubiri nzima kutoka ilipokuwa karatasi.