Krismasi ya Wanawake

"Leo hakuna mwanamke atakayegusa kazi," madam aliwatangazia wageni wake sebuleni, katika jumba lao la Al-Malqa, Riyadh. "Kwetu Ayalandi, tarehe sita Januari ni Krismasi ya Wanawake. Tangu enzi za bibi zetu, wanawake wakishahangaika jikoni sikukuu nzima, siku hii wanaume ndio wanaopika na kuosha vyombo."

Wageni wakampigia makofi bosi, mume wa madam, aliyejifunga aproni mpya.

"Lorine!" madam akaita. "Tuletee chai. Halafu uzisugue zile sufuria alizounguza bosi wako."

Lorine, mfanyakazi wao wa ndani, alikuwa amesimama mlangoni. Alivua glavu za mpira polepole. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa unyevu tangu alfajiri. Ikama yake, kibali cha kuishi Saudia, ilikuwa mikononi mwa watu hawa. Wakikasirika, wangemrudisha Kenya kesho.

Akamkabidhi bosi glavu, zikichuruzika maji.

"Shika, bosi. Sabuni iko chini ya sinki."

Akavuta kiti, akaketi katikati ya wageni.

"Hata mimi ni mwanamke, madam," alisema. Kisha akamgeukia bosi. "Chai yangu, vijiko viwili vya sukari."