Nyati Aliyeanguka

Tangu ipite sheria kwamba wanyama wa michezo ya skrini waishi kama wa porini, hata mchezaji akizima, na fulana ya mchezaji imfikishie kila pigo, Shomvi hakuwahi kupoteza windo. Mshale wake ulimwingia nyati mbavuni, nyati akaanguka kwenye nyasi ndefu. Shomvi akachomoa kisu, akakimbia palepale aliposimama, katikati ya sebule.

"Muache afe kwanza!" akapiga kelele mkewe, Mwanahawa, macho kwenye skrini.

"Nimuwahi kumchinja, asije akawa kibudu."

"Kibudu cha mchezoni atakila nani, baba Salha?"

Mkono uliozoea kuchinja haungoji akili. Shomvi aliinama, akasema bismillahi, akamshika pembe. Nyati akafumbua jicho.

Pembe ilimchoma chini ya kitovu. Shomvi alijikunja, akaangukia meza ya chai. Fulana ikambana, kwato zikamponda mbavu mpaka mifupa ikalia, naye akatapika damu mkekani.

Mwanahawa akachomoa waya ukutani. Skrini ikazima. Akamvua fulana.

"Basi, mume wangu. Nimeshazima."

"Umenizima mimi," Shomvi akasema kwa shida. "Yeye bado yumo. Na harufu ya damu yetu ameshaijua."

Chumbani, binti yao Salha alikuwa amevaa fulana yake ndogo, akichuma uyoga katika mchezo huohuo kwenye skrini yake. Wakamsikia akicheka.

"Mama, njoo uone! Kuna nyati mkubwa ananinusa!"