CD Isiyo na Code

Wateja walianza kucheka hata kabla Luc hajawasalimia.

Luc alikuwa na kiosque ya bleu, yaani kibanda cha buluu, katika commune ya Ruwenzori, mjini Beni, akijaza nyimbo katika simu na flash za watu. Alitoka Kisangani; Kinande, lugha ya wenyeji wa Beni, hakujua hata cha kusalimia. Lakini CD alizijua. Mwaka uliopita chorale moja, kwaya ya Butembo, ilifunga CD yake kwa code ili isikopiwe. Luc aliivunja kwa saa moja, na nyimbo zikafika Manguredjipa kabla wenyewe hawajaanza kuuza.

Séphora, kiongozi wa chorale, alifunga safari mpaka Beni kumwomba aache.

"Maman, weka code yenye unapenda," Luc alimjibu. "Hakuna yenye itanishinda."

"Sawa, papa," Séphora alisema, akaenda zake.

Sasa chorale ilikuwa imetoa CD mpya. Luc aliinunua siku ileile, akaiingiza katika kompyuta, akabaki kushangaa. Hakukuwa na code yoyote.

"Bamechoka!" alijisemea, akakopi nyimbo zote nane.

Wimbo wa nane, ulioimbwa kwa Kinande, ndio uliopendwa kuliko yote. Watu waliufuata kutoka hata Kipese. Dereva mmoja wa lori aliuliza, "Ni hapa kwa Luc, kwenye kiosque ya bleu?" Luc alipoitikia, yule dereva alimshika mkono, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Luc akaona jina lake limevuma. Alinunua rangi, akaipaka kiosque bleu kali zaidi ili ionekane toka barabarani.

Jambo moja tu lilimkera. Kila alipouliza maana ya wimbo ule, hakuna aliyemjibu. "Uliza benye kuimba," Mama Syauswa, muuza nyanya wa jirani, alimwambia huku akijiziba mdomo kwa kitenge.

Basi asubuhi moja Séphora akapita Beni, akasimama palepale kati ya wateja. Luc alimwita bila haya.

"Maman, wimbo ya nane imenipatia jina! Inasema nini?"

Séphora akauimba polepole, safari hii kwa Kiswahili:

"Mwenye amekuuzia wimbo huu ameuiba. Utamujua kwa kanyumba kake ka rangi ya mbingu. Umucheke, ndugu, umucheke sana, lakini usimwambie."