Kabla Spiriti Haijaruka

Saa nne asubuhi, Raya alikuta chupa ya manukato mapya juu ya meza yake ya zamani gazetini. Mji mzima ulikuwa umemwona kwenye runinga akianguka jukwaani kwa ulevi, yeye aliyewafundisha wanawake kujipamba. Sasa alikuwa ameacha, na makala kuhusu manukato hayo ndiyo ingekuwa yake ya kwanza tangu arudi. Mwenye gazeti alikwisha kusema: tone moja tu la pombe, kazi basi.

"Shoga, umenenepa," alisema Mashavu, mhariri wake. "Afadhali. Ulikuwa umebaki wanja tu."

"Na wewe bado umebaki mdomo tu."

Walicheka. Raya akajipulizia manukato kwenye kifundo cha mkono. Waandishi wa urembo hawanusi papo hapo. Husubiri spiriti, ile pombe iliyomo ndani ya manukato, iruke hewani, ibaki harufu yenyewe. Raya ndiye aliyemfundisha Mashavu hivyo.

"Ngoja ikauke, mwenzangu," alisema Mashavu, bila utani sasa.

Raya alimsikia. Ngozi ilikuwa bado inang'aa kwa umajimaji. Aliuinua mkono hadi puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.